Binzari nyembamba: faida ya Masasi na Newala iko dukani, si shambani

FEDHA za korosho zinapoanza kuingia mikononi mwa wakulima wa Masasi na Newala, kuanzia mwezi Oktoba na kuendelea, kila mfanyabiashara hujua nini kitatoka haraka dukani. Bati na saruji hutafutwa, pikipiki hununuliwa, vitenge na magodoro hubebwa. Ipo pia bidhaa ndogo ambayo huuzwa kwa vifuko vya shilingi mia mbili au mia tatu, na ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni biashara. Bidhaa hiyo ni binzari nyembamba, ambayo wengine huiita jira.

Hakuna pilau ya harusi, ya maulidi, ya Idi, ya Krismasi wala ya kutoka kwa mwali inayopikwa bila kiungo hiki. Katika eneo ambalo sherehe za jando na unyago huzunguka kijiji hadi kijiji, hasa wakati wa likizo za shule na baada ya mavuno, mahitaji yake ni ya uhakika kila mwaka.

Hata hivyo, ni kiungo kinacholeta hasara kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye duka anayekinunua bila kukijua vizuri, akauziwa kitu kingine au mzigo uliochakaa. Wa pili ni mkulima anayesikia bei yake kwa kilo, akailinganisha na bei ya mbaazi, kisha akaamua kutenga shamba ili apande. Wote wawili wanahitaji kujua kiungo hiki ni nini hasa, kinatoka wapi na kinataka nini.

Jina moja, vitu vinne

Tatizo la kwanza ni jina. Neno "bizari" au "binzari" lina asili ya Kiarabu, ambako maneno ya jamii hiyo humaanisha mbegu au viungo vya chakula kwa jumla. Lilipoingia katika Kiswahili, kila sehemu ililichukua kwa maana yake.

Katika miji mingi ya Tanzania Bara, mteja akisema "mama, nipimie binzari", mara nyingi anataka manjano, ule unga wa rangi ya njano unaotokana na mzizi. Akitaka mbegu ya pilau atasema "binzari nyembamba". Zanzibar mbegu hiyo hiyo huitwa uzile, bizari nzima au bizari ya pilau, na mchanganyiko uliosagwa kwa ajili ya mchuzi huitwa bizari ya mchuzi. Jina "jira" limetoka kwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, nalo limeenea katika maduka ya jumla na kwenye magunia.

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili nao wamelikuta neno hili. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23 mstari wa 23, mnanaa, bizari na jira hutajwa kuwa ni vitu vitatu tofauti. Bizari ya hapo ni mmea mwingine, ndugu wa jira, na si manjano ya jikoni.

Mkanganyiko huu huingia mfukoni. Mwenye duka wa Newala anayeagiza mzigo kwa simu kutoka Dar es Salaam na kusema tu "nitumie binzari kilo tano" anaweza kuletewa unga wa manjano, bizari ya mchuzi au mbegu za pilau. Mzigo ukishapakiwa kwenye basi, kuurudisha ni gharama yake. Njia salama ni kutaja majina mawili kwa pamoja na hali ya bidhaa, kwa mfano: "binzari nyembamba, yaani jira, mbegu nzima, haijasagwa."

Aidha, ziko mbegu zinazofanana nayo. Giligilani ni ya mviringo kama risasi ndogo. Shamari ni ndefu kama binzari nyembamba, lakini ni nene zaidi, ina rangi ya kijani na ladha ya utamu. Habasoda ni nyeusi, na baadhi ya watu huiita jira nyeusi, ingawa ni mmea wa ukoo mwingine kabisa. Binzari nyembamba yenyewe ina urefu wa takriban milimita 5, imechongoka pande zote mbili, ina mistari inayokwenda kwa urefu na rangi ya kahawia iliyofifia.

Inatoka mbali

Watu wengi huamini kwamba kwa kuwa Zanzibar ni visiwa vya viungo, basi kila kiungo hutoka huko. Zanzibar inajulikana kwa karafuu, na pia hutoa mdalasini, iliki na pilipili manga. Tanga, hasa upande wa Muheza na milima ya Usambara, na Morogoro katika milima ya Uluguru, nako hulimwa iliki, mdalasini na pilipili manga. Lakini binzari nyembamba haimo katika orodha hiyo. Hata mpishi wa pilau wa Unguja hutumia uzile uliotoka nje ya nchi.

Mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani ni India, na kilimo chake kiko zaidi katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan. Soko kuu liko katika mji wa Unjha, Gujarat. Nchi nyingine zinazolima kwa wingi ni Syria, Uturuki, Iran na Afghanistan. Ni nchi zenye maeneo makavu na majira ya baridi.

Kwa hiyo, kifuko kinachouzwa kwenye genge la Masasi kimepita bahari, bandari, maduka ya jumla ya Dar es Salaam na barabara ya kusini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa Mto Rufiji kwa kivuko na safari ilikuwa ya kubahatisha, hasa wakati wa masika. Leo mzigo mdogo husafiri kwa basi na kufika kwa muda mfupi, jambo ambalo limemwezesha hata mwenye mtaji mdogo kuagiza kilo chache chache.

Pamoja na hayo, bei bado hupangwa mbali. Mwaka 2023 bei ya jira nchini India ilivunja rekodi na kupita rupia 60,000 kwa kilo 100. Wakulima walikuwa wamepunguza eneo la kulima, kisha mvua zisizo za msimu zikanyesha mwezi Machi wakati wa mavuno. Msimu uliofuata wakulima hao walikimbilia kupanda kwa wingi, na bei ikaanguka hadi chini ya nusu.

Wakulima wa Masasi na Newala hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kutoka nje, na bei ya mbaazi nchini Tanzania ikaporomoka, huku wakulima wengi wakiwa na magunia ndani. Ni India hiyo hiyo inayonunua sehemu kubwa ya korosho ghafi za kusini. Kwa kiungo hiki kuna tofauti moja tu, kwamba safari hii mtu wa Newala ni mnunuzi.

Je, inaweza kulimwa hapa?

Swali hili hutokea kila bei inapopanda, nalo linastahili jibu la wazi. Binzari nyembamba ni zao la muda mfupi. Hukomaa kati ya siku 100 na 120, na huko Gujarat hupandwa Novemba na kuvunwa Februari na Machi, wakati ambao huko ni baridi na kiangazi. Mmea huo huchukia unyevu. Mvua au ukungu ukija wakati wa maua, ugonjwa wa ukungu unaobabua majani huweza kumaliza shamba kwa siku chache. Ugonjwa mwingine unaojulikana ni mnyauko unaotokana na kuvu aliye ardhini, nao hubaki shambani msimu hata msimu.

Sasa tuangalie hali ya hewa ya huku. Masasi, iliyo magharibi chini ya uwanda wa Makonde, na Newala, iliyo juu ukingoni mwa uwanda huo, zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Mkulima akipanda pamoja na mvua, mmea utakutana na joto na unyevu kwa wakati mmoja. Akisubiri hadi Juni, hewa itakuwa imepoa na kukauka kama zao linavyotaka, lakini maji ya kumwagilia hayatakuwapo. Kila mkazi wa Newala anajua thamani ya ndoo ya maji. Uwanda huo hauna mito juu yake, na maji husukumwa kwa mitambo kutoka chini. Kumwagilia zao la majaribio kwa maji ya namna hiyo ni kutafuta hasara kwa makusudi.

Kuna jambo la mbegu pia. Zile za dukani huuzwa kama chakula. Huenda zimekaa muda mrefu, zimepitishwa kwenye joto au zimefukizwa dawa ya wadudu, na hakuna anayezidhamini kwamba zitaota. Anayetaka kuingiza mbegu za kupanda kutoka nje anapaswa kupata kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na ubora wa mbegu husimamiwa na Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu (TOSCI). Mtu anayepita vijijini akiuza "mbegu za jira" bila nyaraka aulizwe kwanza nyaraka hizo.

Kwa mwenye hamu ya viungo, giligilani ni mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Huvumilia hali nyingi kuliko binzari nyembamba. Majani yake, ambayo wengi huyaita kotimiri, huanza kuvunwa baada ya wiki tano au sita, na mbegu hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Lakini ianze kwa matuta machache karibu na nyumba, mwishoni mwa mvua, na mauzo yaonekane kwanza kabla ya kuongeza eneo.

Shamba lenyewe libaki kwa mazao yanayoijua ardhi ya huku. Ufuta, kwa mfano, una aina zilizofanyiwa utafiti katika kituo cha Naliendele, Mtwara, na una mfumo wa kuuzia kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani. Kilo moja ya binzari nyembamba ina bei kubwa, ni kweli, lakini bei kubwa ya zao lisilovunwa haimlipi mtu.

Hesabu ya mwenye duka

Kama shambani hakuna faida, dukani ipo, lakini ni ya mtu anayepima. Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ananunua kilo 5 kwa Sh15,000 kila moja, jumla Sh75,000, na usafiri unamgharimu Sh5,000. Anapepeta na kuchambua vijiti na vumbi, anapoteza asilimia 3 na kubakiwa na gramu 4,850. Anafungasha gramu 10 kila kifuko, anapata vifuko 485. Kila kifungashio kinamgharimu Sh20, yaani Sh9,700. Gharama yote ni Sh89,700.

Akiuza mwenyewe rejareja kwa Sh300, atapata Sh145,500, na faida ni Sh55,800 kabla ya kodi ya pango na ushuru wa soko. Akiwauzia wenye magenge kwa Sh200 kila kifuko, atapata Sh97,000, na faida itakuwa Sh7,300 tu. Kwa bei hiyo ya jumla, kuongezeka kidogo kwa nauli au bei ya Dar es Salaam kunamaliza kila kitu.

Sasa chukulia kwamba hana mizani, anafungasha kwa kijiko na kukadiria, na kila kifuko kinabeba gramu 12. Atapata vifuko 404 badala ya 485. Akiuza kwa Sh300, atapata Sh121,200, na baada ya gharama faida yake itakuwa Sh33,120. Kijiko cha kukadiria kimemla Sh22,680 katika kilo 5 tu. Bei hizi ni za mfano, na kila mmoja aweke zake, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Kwa upande wa kalenda, mzigo mpya wa India huanza kuingia katika soko la Unjha kati ya Februari na Aprili, na katika miezi hiyo bei ya mwaka huanza kujulikana. Huku kusini wateja huongezeka wakati wa mauzo ya ufuta, wakati wa likizo ya Juni na hasa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Anayenunua akiba mapema, kabla ya kila mtu kwenda kutafuta mzigo, ana nafasi ya kuchagua. Asinunue zaidi ya anachoweza kuuza ndani ya mwaka mmoja.

Sherehe nazo zina hesabu yake. Pilau ya kilo moja ya mchele hutaka takriban kijiko kimoja cha mezani cha binzari nyembamba, kama gramu 6. Mchele wa kilo 50 wa harusi utataka gramu 300. Mwenye duka anayejua harusi na unyago wa kata yake anaweza kuandaa mafungu makubwa mapema, pamoja na iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, akauza kama kifurushi kimoja cha pilau.

Anayetaka kuuza kwa jina lake mwenyewe, kwa lebo, anahitaji kufuata taratibu za Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. SIDO nalo hutoa mafunzo ya ufungashaji kwa wajasiriamali wadogo.

Nzima au ya kusaga?

Wafanyabiashara wengi huvutiwa na unga kwa sababu huuzika haraka. Lakini ndipo udanganyifu ulipo. Mbegu nzima mnunuzi huiona kwa macho, wakati unga unaweza kuchanganywa na pumba, maganda au mbegu za bei rahisi. Mwishoni mwa mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015, bidhaa nyingi zenye unga wa binzari nyembamba ziliondolewa madukani nchini Marekani baada ya kugundulika kuwa na mabaki ya karanga ambayo hayakutajwa kwenye lebo, jambo la hatari kwa wenye mzio wa karanga. Kwa anayesaga karanga na viungo kwenye mashine moja, hilo ni onyo.

Kuitambua iliyo nzuri si kazi ngumu. Chukua chembe chache, zisugue kwa nguvu kati ya viganja, kisha nusa. Harufu inapaswa kutoka mara moja, kali na ya joto. Kama hakuna harufu, mzigo ni wa zamani au mafuta yake yamekwisha kukamuliwa. Weka nyingine kwenye glasi ya maji. Zilizopakwa rangi huchafua maji haraka. Angalia chini ya gunia na si juu tu, kwani mchanga na vijiti hukaa chini.

Katika uhifadhi, maadui ni unyevu, jua, wadudu na harufu za jirani. Viungo hunyonya harufu. Visiwekwe karibu na sabuni, mafuta ya taa wala mifuko ya salfa ya mikorosho, ambayo kuanzia katikati ya mwaka hujaa katika maduka mengi ya huku. Chombo kiwe kikavu na kifunikwe barabara. Mbegu nzima iliyotunzwa hivyo hukaa mwaka na zaidi ikiwa na harufu yake, ilhali unga hufifia baada ya miezi michache. Kwa hiyo ni bora kusaga kidogo kidogo kwa kadiri ya mauzo.

Jikoni si pilau tu

Biashara ya kiungo hukua pale mteja anapojua kukitumia siku za kawaida pia, na mazao ya huku yanakipokea vizuri. Mbaazi za nazi hubadilika kabisa zikiungwa kwa kitunguu kilichokaangwa na nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba. Kunde, choroko, njugu mawe na mchuzi wa samaki wakavu nao hali kadhalika.

Siri yake ni mafuta. Harufu ya binzari nyembamba imo katika mafuta yake ya asili, nayo hutoka vizuri ikikutana na mafuta ya moto. Mbegu nzima hutiwa mwanzoni, mara tu kitunguu kinapoanza kubadilika rangi, na hukaangwa kwa sekunde chache hadi inukie. Ikiungua huwa chungu, na chakula chote huharibika. Ya unga hutiwa baadaye, chakula kikiwa na majimaji. Anayetaka harufu ya juu zaidi huikaanga kavu kwenye kikaango bila mafuta, kisha huitwanga kwenye kinu.

Wengi pia huichemsha kwa maji na kuinywa tumbo linapojaa gesi. Ni matumizi ya zamani katika nchi nyingi, na kwa kiasi cha jikoni hayana madhara kwa watu wengi. Lakini mwenye duka asiiuze kama dawa ya kutibu kisukari au shinikizo la damu, kwa kuwa mgonjwa anayeacha vidonge vya hospitali kwa ajili ya kifuko cha shilingi mia tatu anahatarisha maisha yake.

Mkulima wa Newala au Masasi aliye na fedha za korosho mkononi na anayetaka kuingia katika biashara ya viungo anaweza kuanza bila ekari hata moja. Anahitaji mizani ndogo, chombo kinachofungika, ungo, daftari la hesabu na kilo mbili au tatu za mbegu nzima zilizonuswa kabla ya kulipiwa. Akiziuza zote kabla ya sherehe za Desemba na daftari likaonyesha faida, aongeze kilo.